Sisimizi wa Shoka

Mwanamume anayepasua mapaja ya ng'ombe kutwa nzima, anaogopa sindano! Ndivyo alivyokuwa Shoka, mwenye bucha, na mtaa mzima ulimcheka. Kila asubuhi alifumba macho akamnyooshea mkewe kidole. Mkewe, fundi cherehani, alikidunga, akasoma sukari kwenye kipimo, kisha akajidunga mwenyewe. Wote wawili walikuwa na kisukari, na walishindana nani sukari yake iko chini.

"Mimi sita, wewe saba. Nimekubwaga tena."

"Umebahatisha tu, mke wangu."

Kazi ya fundi ilikuwa kudunga, ya Shoka kuchukua dawa dukani na kuzipanga kwenye vikopo vyao viwili. Hiyo ndiyo ndoa, au ndivyo fundi alivyodhani.

Figo za fundi zilipoanza kulegea, daktari alimbadilishia dawa, Shoka akiwa pale pale.

"Kwa kushusha sukari, hii na ile ya zamani zinakaribiana," daktari aliwaeleza. "Zinapoachana ni kwenye figo na moyo. Hii inavilinda."

Siku ya kwanza fundi alichungulia kikopo chake, akauliza mbona kidonge kinafanana na kile cha zamani.

"Vidonge vyote vyeupe," Shoka alisema. "Ulitaka cha maua?"

Fundi akacheka, akameza.

Miezi ikapita, miguu ikamvimba hata kukanyaga cherehani ikawa taabu. Alirudi hospitali peke yake. Daktari alisoma majibu, uso ukamkunjamana.

"Figo zimeshuka sana, mama. Dawa unameza kweli?"

"Kila siku. Mume wangu ndiye anayenipangia."

"Anayemeza dawa hii hukojoa sukari, hata kama ya kwenye damu ni nzuri. Mkojo wako hauna hata chembe." Daktari akashusha sauti. "Hapo figo zilipofikia bado tunaweza kuzilinda, lakini uanze leo."

Fundi alitaka kubisha. Ndipo alipowakumbuka sisimizi. Tangu abadilishiwe dawa walikuwa wakijipanga chooni, pale pale Shoka anapokosea shabaha. Alikuwa akiwamwagia maji na kumtania: mume wangu, siku hizi umekuwa mtamu. Na Shoka alicheka. Alicheka, mwanaharamu yule!

Nyumbani alifungua kikopo cha mumewe. Vidonge vya njano, si vyeupe kama vyake. Akameza kimoja papo hapo, akakaa kumsubiri. Shoka alipoingia na kukiona kikopo kiko wazi, alijitupa kitini.

"Kila mwezi duka la dawa lilikuwa na boksi moja tu," alisema. "Kifua kilikuwa kinanibana, nami nilimsikia daktari akisema moyo. Sukari yako si ilikuwa nzuri? Hata mimi ulikuwa unanishinda."

"Kwa hiyo ukanipiga changa la macho."

"Niliogopa kufa, mke wangu."

"Ungeniomba, ningekupa."

Na hilo ndilo lililomuuma kuliko miguu. Angempa kweli, bila kufikiri mara mbili, na Shoka alilijua hilo. Aliona ni rahisi zaidi kumwibia.

Asubuhi Shoka alikaa mahali pake, akafumba macho, akanyoosha kidole. Fundi alikuwa ameshajipima: sita, ile sita nzuri iliyomfanya zuzu muda wote huo. Alimwekea sindano kiganjani, akachukua kikopo cha vidonge vya njano, akaenda kwenye cherehani yake.

Shoka alibaki amefumba macho, anangoja kudungwa.