Santuri ya Kukatia Kofia

"Ni wewe, shangazi, ni sauti yako kabisa, mtu asinidanganye!"

Kasuku alikuwa amepanda juu ya stuli, katikati ya vipande vya vitambaa, anaruka kama stuli ina moto. Jina hilo alipewa na ukoo mzima tangu ana miaka minne, kwa sababu ya mdomo, na chuo alichomaliza mwezi uliopita hakikumpunguzia hata neno moja. Shangazi yake, fundi wa sare za shule, alikuwa kasimama mlangoni na pini tatu mdomoni. Hata angetaka kujibu, asingeweza.

Sasa sikia ilivyoanza. Chini ya meza ya kukatia palikuwa na boksi la santuri ndogo, tisini na saba, zote sawasawa. Ya tisini na nane ilikaa juu ya meza, maana ilikuwa saizi hasa ya utosi wa kofia ya mtoto: unailaza kwenye kitambaa, unaizungushia chaki, unakata. Kasuku amekua akiita kile kitu sahani ya kofia. Kwamba kina wimbo ndani hakujua, mpaka asubuhi ile shangazi aliposema jamaa wa vyungu atapita saa nane kulibeba boksi, azipashe moto zile santuri na kuzikunja ziwe vyungu vya maua.

Kasuku akauliza ni nyimbo za nani. Shangazi akamsimulia huku anapima kola, kavukavu, kama anasimulia ugonjwa wa jirani. Alipokuwa na umri wa Kasuku, yeye na wenzake wawili walikuwa wakipiga muziki wa panki: gita la kelele, ngoma mbiombio, yeye ndiye mwimbaji. Wakatoa santuri mia. Mashine ya kuzipigia hawakuwa nayo, kwa hiyo waliisikia mara moja tu, redioni, mtaa mzima umetega masikio. Likatoka lidude zito linajikokota, kama ng'ombe anayeumwa tumbo. Mtangazaji akacheka hewani. Siku hiyo shangazi akajua kwamba hajui kuimba, na tangu hapo hajaimba tena, hata kwenye harusi ya kaka yake mwenyewe. Santuri moja ilibaki redioni, moja akachukua mama wa yule mwenzake mpiga ngoma, basi.

"Zikawe vyungu," alimalizia. "Angalau wataotesha kitu."

Akatoka nje kumpima mteja. Kasuku naye, akili zake anazijua mwenyewe, akavuka barabara mpaka kwa fundi redio, akarudi amekumbatia mashine ya santuri iliyochakaa. Fundi alimwonya: swichi ya mwendo imekufa, inajua kukimbia tu, taratibu haitaki. Na kwenye kibandiko cha santuri pamechapwa wazi kwamba ipigwe mwendo wa taratibu. Kasuku akasema potelea mbali, akashusha sindano.

Jamani. Gita likaingia kama mtu anayevunja mlango kwa bega. Ngoma nyuma yake, mbio, mbio. Kisha sauti ya msichana, nyembamba, kali, imejaa kicheko, inaapa kwamba sare havai, havai, hata mkimfunga kamba havai.

Ndipo Kasuku akapanda stuli.

Shangazi alizitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye mkono wa gauni lake. "Rudia," akasema.

Kasuku akarudia. Mara ya tatu shangazi aliinyanyua ile santuri, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akasoma kibandiko kwa kidole.

"Walikosea kuchapa," alisema polepole. "Mwendo siyo huu walioandika. Mwanangu, miaka thelathini na moja nimeishi najua mimi ni ng'ombe."

Akacheka mpaka akakaa chini, juu ya kofia za watu.

Saa nane jamaa wa vyungu akafika na mkokoteni. Alipoambiwa boksi haliondoki akaja juu, si walikubaliana, si mwenyewe aliziita takataka. Shangazi hakubishana naye. Alimvutia stuli, akamwambia sikiliza. Dakika mbili baadaye jamaa aliomba moja, nzima, na akaapa haitaona moto. Aliondoka nayo kwapani, anatikisa kichwa.

Ikabaki simu. Mpiga ngoma sasa ni mkunga, mtu mzima na heshima zake, na juu ya wimbo ule hawajawahi kufungua midomo, hata wakikutana sokoni. Shangazi alimpigia, hakumsalimu. Aliisogeza simu kwenye spika ya mashine tu. Wimbo ukaisha. Kasuku akabana sikio kwenye simu.

Kisha ikasikika upande wa pili: vidole vinapiga juu ya meza. Mbio, mbio, bila kukosea hata pigo moja.

"Ninakuja kesho," mkunga akasema. "Nikitoka zamu tu."

Kasuku akaanza: na mpiga gita je, yuko wapi, ni nani, mbona hatajwi? Shangazi alikuwa amekwisha kuinama mezani na chaki, kwa kiwiko amesukuma santuri pembeni, anachora duara la kofia kwa kifuniko cha sufuria, huku anaimba kwamba sare havai.

"Huyo?" akasema, na akatabasamu kama msichana. "Huyo tumwache mpaka kesho, mkunga akiwepo. Peke yangu siwezi kukusimulia, utadhani naongopa."