Mkono wa Kushoto wa Shati

"Sasa unaona vidole vingapi, baba?" daktari aliuliza.

Fundi Pasi alijibu kwamba haoni hata kimoja, na kama daktari anataka kumpima, basi anyanyue mkono. Kumbe daktari alikuwa ameunyanyua muda wote, upande wa kushoto. Akamfunika jicho la kulia, akarudia. Akamfunika la kushoto, akarudia. Patupu. Mke wa Fundi, aliyekaa karibu na mlango, aliacha kuchezea mkoba wake.

Jina la Fundi Pasi alipewa kwa kazi. Miaka ishirini na sita alikuwa akinyoosha nguo kwenye kibanda cha dobi, na shati lililopita mikononi mwake ungeweza kulivaa hata kwenye harusi ya adui yako. Hospitali alikuja kwa ajili ya bega tu. Kila siku alilibamiza mlangoni, lilelile la kushoto, na juzi akajichoma mkono uleule kwa pasi.

"Macho yako mazima," daktari alisema. "Lakini jicho kazi yake ni kupokea tu. Likishapokea, mishipa inapeleka habari mpaka huku." Akamgusa kisogoni. "Huku ndiko kunakoona. Vitu vya kushoto, vya macho yote mawili, vinapelekwa upande wa kulia wa ubongo. Hapo damu ilikosa kufika, nadhani siku ile uliyoumwa sana kichwa."

"Mbona sioni giza?"

"Ubongo haujui kama umekosa kitu. Kwako wewe picha imetimia."

Kichwa kilimuuma miezi miwili iliyopita. Fundi alipiga hesabu, akashtuka.

Maana mwezi uliopita mwalimu mkuu alirudisha shati lililonyooka vizuri, isipokuwa mkono mmoja uliokunjamana kana kwamba haujawahi kuonana na pasi. Akaja mwingine na pazia, hivyo hivyo. Fundi aliapa kwamba amenyoosha kote. Basi nani? Kibandani walikuwa wawili tu: yeye na shemeji yake, mjane wa marehemu kaka yake, aliyefua na kukunja. Mbele ya mwalimu mkuu na wateja watatu, Fundi alimrushia lile shati, akasema anamharibia kazi kwa kijicho, kwamba tangu kaka afe anakitaka kibanda. Shemeji alilikunja shati, akaliweka mezani, akachukua kikapu chake akaenda zake.

Wiki tatu zilipita, na nguo ziliendelea kurudishwa. Fundi akailaumu pasi, akaulaumu umeme, akamlaumu hata mkewe aliyekuja kusaidia kukunja. Nafsi yake hakuigusa.

Njia nzima kutoka hospitali alishindwa kumtazama mkewe, ambaye siku ile ya shati alimwambia, "Hebu muulize kwanza," naye akamnyamazisha. Heri angekuwa kipofu kabisa, aliwaza. Kipofu angeuliza.

Kwa shemeji alipiga hodi, akakuta uani hakuna mtu. Akageuka aondoke.

"Unanipita, shemeji?"

Sauti ilitoka kushoto. Daktari alimfundisha kugeuza kichwa chote, siyo macho tu, naye akakigeuza mpaka shingo ikauma. Alikuwepo, karibu sana, akianika nguo za majirani. Fundi alimweleza yote kwa pumzi moja: damu, mishipa, kisogo. Shemeji alisikiliza huku akianika.

"Pole kwa ugonjwa," alisema. "Ila huo mshipa ndio ulioniita mwenye kijicho?"

Fundi aliinama. "Hapana. Huo ulikuwa mdomo wangu."

"Basi mdomo huohuo uende ulikonitukania."

Jumamosi ndiyo siku wateja wanajaa. Mwalimu mkuu alipofika na mashati yake, Fundi aliweka pasi pembeni na kusema kwa sauti ya kusikika na wote, "Lile shati niliharibu mimi. Shemeji yangu nilimsingizia." Mteja mmoja alicheka akidhani ni utani. Fundi akarudia neno kwa neno. Mwalimu mkuu alitazama viatu vyake. Hakuna aliyempa neno la kumpoza, na Fundi aliona ni haki yake.

Akatandaza shati mezani, akalinyoosha polepole, kifua, ukosi, mkono. Aibu ilimsahaulisha somo la daktari la kugeuza kichwa. Alipoona amemaliza, aliinua pasi.

Kutoka upande ule usio na kitu, mkono uliochakaa kwa sabuni uliingia mezani. Ulishika pindo la shati, ukaligeuza taratibu, mpaka mkono wa kushoto wa shati ukaja kulia, umekunjamana wote. Kikapu kilekile kilikuwa bado kinaning'inia kwenye kiwiko. Fundi hakuthubutu kugeuza kichwa. Akaishusha pasi.