Shati la Kumzikia Paka

Huku kwetu Jawa, dereva akimgonga paka hushuka, huvua shati alilovaa, humviringisha marehemu humo na kumzika kando ya barabara. Shati lazima liwe la dereva mwenyewe. Asiyefanya hivyo, wanasema, deni lake litalipwa na mtu wa nyumbani kwake.

Mimi nilikuwa nawacheka wanaosema hivyo. Niliwacheka mpaka mwaka niliooa, nilipomgonga paka wa manjano karibu na tanuri la matofali. Nyuma nilikuwa nimepakia kabichi, soko linanisubiri. Nikatazama kwenye kioo, nikakanyaga mafuta. Sikumwambia mtu. Miezi miwili baadaye mke wangu Wartini akaharibikiwa na mimba. Mwaka uliofuata akapoteza nyingine, ya miezi sita, na yule tulimpa jina kabla ya kumzika. Tangu hapo sikumcheka tena mtu yeyote, na mdomo wangu nikaufunga kabisa.

Sasa ilikuwa mimba ya tatu, na chupa ilikuwa imepasuka wiki tatu kabla ya siku zake. Ilikuwa alasiri, mvua inanyesha, na kwa mkunga ni kilomita kumi na moja. Pikapu yangu inabeba watu watatu mbele. Wartini alikaa dirishani, ameng'ang'ania mpini ulio juu ya mlango. Mama yake, Bu Sukinem, alibanwa katikati yetu, goti lake likigombana na gia.

"Darsono, unaendesha gari au unalibembeleza?" mama mkwe aliniuliza.

"Mama, barabara ina mashimo."

"Mashimo yapo tangu mkeo hajazaliwa. Kanyaga!"

Nikakanyaga. Uchungu ulikuwa unakuja kila baada ya dakika nne, na kila ulipokuja Wartini alinyamaza. Kunyamaza kule kuliniogopesha kuliko kelele. Hata zile mimba mbili ziliondoka hivyohivyo, kimyakimya.

Kwenye kona ya mashamba ya miwa kitu cheupe kikachomoka majanini. Nilifunga breki, gari likateleza, kisha tukasikia kishindo kidogo chini, upande wa kushoto. Kila dereva anakijua kishindo kile. Mguu wangu ulirudi kwenye mafuta wenyewe.

"Paka," alisema Bu Sukinem.

"Huenda ni jiwe."

"Jiwe gani lina mkia? Simamisha gari!"

"Mama, mtoto anatoka!"

"Ndiyo maana nakwambia simama! Wewe kichwa umekiazima?"

Sikusimama. Tulikwenda labda mita mia mbili, mama mkwe akinipiga mkono uliokuwa kwenye gia, nami nikihesabu kichwani. Nikisimama, zitapotea dakika kumi, na mtoto anaweza kuzaliwa barabarani, kwenye tope, bila mkunga. Nisiposimama, nitakuwa nimekimbia mara ya pili. Jasho lilinitoka na huku mvua inaingia dirishani.

"Mas," alisema Wartini, ndivyo anavyoniita mimi mumewe. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Rudi."

"Na uchungu je?"

"Uchungu ni wangu, nautunza mwenyewe. Rudi."

Nilirudi kinyumenyume, shingo imepinda, gari likiyumba kama mlevi. Niliruka chini kabla halijatulia vizuri.

Barabarani hapakuwa na kitu. Nikaingia kwenye miwa, majani yakinikata mikono, nikainama huku na huku. Hakuna. Nikajiambia, amekimbia, alhamdulillahi, twende zetu. Mara Wartini akapiga kelele garini, kelele ya kwanza tangu tutoke nyumbani.

"Uchungu sasa ni kila dakika tatu!" mama mkwe aliita. "Umemwona?"

"Bado!"

"Vua shati kabisa, usije ukapoteza muda! Au unaogopa Paijo ataliiba na hili?"

Hata katika saa ile ya mauti hakuniacha. Paijo ni jirani yetu, mtoto wa dada yake mama mkwe. Mwaka niliooa, shati langu la harusi, batiki ya bluu, lilipotea kwenye kamba ya nguo, na wiki ileile nikamwona Paijo karamuni amevaa batiki ya bluu. Nilimwita mwizi mbele za watu. Hatusalimiani hadi leo, na mama mkwe hajanisamehe.

Nilivua shati. Hapo ndipo nilipomwona, kwenye mtaro, nusu majini: paka mweupe mwenye doa la manjano sikioni, mkia mfupi uliopinda. Mguu wake wa nyuma ulielekea kusikotakiwa. Macho yalikuwa wazi na yalikuwa yananitazama.

"Amekufa?" mama mkwe aliita.

"Hajafa!"

Tukakwama. Desturi inajua la kufanya na paka aliyekufa. Kuhusu aliye hai, tena aliyevunjika, hakuna aliyetufundisha. Kwenye ukingo wa mtaro palikuwa na kipande cha tofali, nami nakiri, nilikiokota. Nilifikiri: akifa upesi, nitamzika upesi, mke wangu afike salama. Mkono ulikuwa umeshapanda. Paka hakulia wala hakujivuta. Alinitazama tu, kama paka wanavyotutazama jikoni tunapokaanga samaki, ana hakika kwamba kitu fulani kitamfikia.

"Unangoja nini wewe?" Mama mkwe alikuwa ametoa kichwa kwenye dirisha langu, mvua inamchuruzika puani. "Maiti huzikwa, mzima hubebwa! Mlete!"

Nikalitupa lile tofali. Nikamviringisha kwenye shati, nikakimbia naye kifua wazi, nikamweka mapajani kwa Wartini kwa sababu hapakuwa na mahali pengine.

Kilomita sita zilikuwa zimebaki. Nilipita maji barabarani bila kuuliza kina chake. Uchungu ulikuja, Wartini akainama juu ya lile shati, nami nikasubiri anyamaze kama mwanzo. Badala yake nilisikia kitu kingine, mngurumo mdogo kama wa cherehani ya nyumba ya jirani.

"Ananguruma, Mas," alisema, akicheka na kulia pamoja. "Mguu umevunjika na ananguruma."

"Wananguruma hata wakiumwa," alisema mama yake. "Hivyo ndivyo wanavyojiuguza. Fuata pumzi zake, mwanangu. Polepole. Hivyohivyo."

Akazifuata. Vidole vyake vilikuwa vimezama kwenye manyoya, na uchungu uliofuata aliupita akipumua, na uliofuata pia. Nami, niliyekuwa na tofali mkononi muda mfupi tu uliopita, nikashindwa kuvumilia.

"Wartini, mimi ni mtu mbaya," nikasema. "Mwaka tulipooana niligonga mwingine, karibu na tanuri la matofali. Sikusimama. Wale watoto wetu wawili, mimi ndiye niliyewaua."

Bu Sukinem alifumba mdomo, na hilo sikuwa nimelishuhudia maishani mwangu. Wartini aligeuza uso dirishani. Nikajua ndoa yangu imekwisha, na bado nililazimika kuendesha.

Mkunga Kusmiyati alitupokea mlangoni. Alinitazama mimi, akamtazama mke wangu. "Baba hana shati, mama ana paka. Mgonjwa wangu ni yupi?" Kisha akauona uso wa Wartini, na utani ukamwisha. Wakamwingiza haraka. Paka nikaachiwa mimi.

Nilikaa kwenye benchi la barazani, paka kifuani, nikizisoma dua zote ninazozijua na kuchanganya mwanzo wa hii na mwisho wa ile. Baada ya muda nisioujua mama mkwe akatoka, akasimama pembeni yangu. Hakunitazama.

"Ametoka," alisema.

"Mbona halii?"

Ndani tulisikia makofi madogo, maji, sauti ya mkunga ikisema "njoo, njoo, njoo." Paka aliacha kunguruma, masikio yakasimama. Bu Sukinem alinishika begani pale penye ngozi tupu, akazamisha kucha. Nilihesabu mpaka kumi na tisa.

Kisha mtoto akalia. Alilia kwa hasira, kama aliyedhulumiwa shamba. Nami nililia mbele ya mama mkwe, kifua wazi, bila haya yoyote, na paka akaanza upya kunguruma.

Waliponiruhusu kuingia, Wartini alikuwa na binti yetu kifuani. Nilisimama mlangoni kama mgeni.

"Njoo ukae," alisema. "Siku ile jioni, ulipokuwa unaoga, niliosha pikapu. Kwenye bampa palikuwa na manyoya ya manjano. Kesho yake nikaifuata barabara kwa miguu mpaka kwenye tanuri, nikamkuta. Nikamzika."

"Wewe?"

"Nani mwingine? Uliporudi sokoni kila kitu kilikuwa kimekwisha."

"Lakini lazima liwe shati la dereva."

"Nilikwenda nalo. Lile la bluu, la batiki. Lilikuwa kwenye kamba."

Nikaketi. Miaka mitatu ilinipita mbele ya macho, na Paijo ndani yake.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuwa nangoja wewe uniambie. Sikujua unajitesa kiasi hicho, ningesema mapema. Nisamehe." Alinivuta mkono, akauweka mgongoni kwa mtoto, mgongo wenye joto, mdogo kuliko kiganja changu. "Wale wawili hawakuchukuliwa na paka, Mas. Wala na wewe. Waliondoka tu."

Alinipa muda wa kupangusa macho.

"Kesho nenda kwa Paijo ukamwombe radhi," alisema. "Na uende umevaa shati."