Picha ya Getini

Joweria alikwenda Meksiko mwaka 2016, akakaa siku kumi na mbili, akarudi Dubai bila kugusa hata jiwe moja la Wamaya.

Kabla ya kuja Ghuba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Iganga, Uganda. Dubai alilea mapacha wa miaka miwili nyumbani kwa Bi Swafiya na mumewe Awadh, watu wenye asili ya Unguja waliozaliwa hapahapa na bado wakizungumza Kiunguja mezani. Yeye aliwaita madam na sir. Kilichomfanya aikubali ile kazi ni huko kuelewana kwa Kiswahili. Alidhani mtu mnayesikilizana naye hawezi kukuona kama kiti.

Siku Madam alipomwambia, "Na wewe tunakuchukua, mwanangu, ukaone dunia," Joweria aliingia chooni akacheka peke yake. Kwa mwezi mzima, watoto wakilala mchana, alisoma kitabu cha wasafiri cha Madam. Akajua piramidi ya Chichén Itzá, mji wa kale wa Wamaya, ina ngazi pande zote nne, na ukizijumlisha pamoja na kidato cha juu kabisa unapata siku za mwaka. Akajua habari za mapango yenye maji baridi, ambamo Wamaya walitupa sadaka zao. Akajua mji wa Izamal, uliopakwa manjano mtaa mzima, ambako Wahispania walibomoa hekalu wakajenga nyumba ya watawa kwa mawe yaleyale. Ukurasa huo aliurudia mara nyingi. Alitaka kusimama pale aguse ule ukuta.

Siku ya Chichén Itzá, walipofika getini, Madam alitazama jua. "Watoto wataungua. Kaa nao hapa kivulini, sie tunarudi sasa hivi." Kabla ya kuingia alimsimamisha Joweria mbele ya kibao cha mlangoni akampiga picha. Hiyo sasa hivi ikawa saa tatu nzima. Joweria aliwabadilisha watoto nepi juu ya benchi, karibu na wauza kofia, huku watu wa kila taifa wakimpita na tiketi mkononi.

Pangoni alibaki juu na mataulo, akasikia vicheko vyao vikipanda kutoka shimoni. Walipofika Izamal alijikaza akaomba.

"Madam, nusu saa tu. Sir akae na watoto."

"Sir yuko likizo," Madam akajibu, wala hakuinua macho kwenye simu.

Joweria akabaki chumbani hotelini na pasi. Dirisha lilitazama ukuta wa nyumba ya pili. Ulikuwa wa manjano kweli.

Wiki mbili baada ya kurudi, Ijumaa baada ya Alasiri, Madam aliwaalika shoga zake wanane waje kuona picha za safari kwenye televisheni. Joweria alikuwa akipitisha vikombe vya chai ya zaafarani alipojiona mwenyewe kwenye kioo kikubwa cha ukutani, amekunja uso kwa jua. Chini ya picha palikuwa na maneno ambayo Madam alikuwa ameyaweka mtandaoni tangu wakiwa huko: *Msaidizi wetu ni kama ndugu. Naye tumemtembeza kila mahali.*

"Mashaallah," wageni wakasema. "Mungu akulipe, Swafiya."

"Joweria, hebu waambie shoga zangu. Ulipendezwa na nini zaidi?"

Angeweza kusema piramidi. Kusema kweli, alifungua kinywa aseme hivyohivyo. Lakini macho yalirudi kwenye neno *ndugu*, na hasira ikampanda kama moto.

"Niliona geti, madam."

Mgeni mmoja akacheka, akidhani ni mzaha.

"Hapo mnaponiona ndipo mwisho wangu. Ndani sikuingia. Pangoni sikushuka. Izamal nilipiga pasi mashati ya sir." Hakuishusha sauti. "Kama mnataka habari za piramidi naweza kuwapa. Nilizisoma hapa hapa jikoni, kabla hatujaondoka."

Akaweka sinia mezani, akaenda jikoni.

Madam alimfuata, mlango akaufunga kwa kisigino. "Umenifanyia nini wewe? Mbele za watu! Ulilala hoteli, ulikula, ulipanda ndege! Wenzako wangapi wamepata hayo?"

"Nilikwenda kazini, madam. Kazi siikatai. Ungeniambia tunakwenda kazini ningekwenda, na nisingesoma kitabu."

"Basi tatizo lako nini?"

"Ile picha. Itoe."

"Picha yangu, simu yangu!"

"Uso wangu." Joweria alivuta stuli akaketi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya Madam. "Toa. Ukiitoa nitaleta chai. La sivyo waambie wageni wajimiminie."

Awadh akachungulia. "Kuna nini? Watoto wanalia huko."

"Wabebe, sir," Joweria akasema. "Leo mimi niko likizo."

Awadh alimtazama mkewe, akamtazama Joweria, kisha akaondoka. Baada ya kitambo watoto wakanyamaza. Ilikuwa mara ya kwanza Joweria kujua kwamba baba yao aliweza kuwanyamazisha, na hilo likamwongezea hasira badala ya kumpunguzia.

Sebuleni mtu alikohoa. Madam akaitoa simu, akabonyeza, akamwonyesha kioo kwa mbali kama anayemwonyesha mtu kisu. "Haya. Imetoka. Na mkataba ukiisha, yalla, ondoka kwangu. Sikutaki."

"Nilikwishaamua hivyo Izamal," Joweria akasema, akainuka kuchemsha maji.

Miezi minne iliyobaki hawakuzungumza ila habari za watoto. Siku ya mwisho Awadh ndiye aliyemrudishia pasipoti yake waliyokuwa wamemshikia, mlangoni, akasema tu, "Samahani kwa yote." Joweria aliichukua pasipoti akaitia mkobani. Hiyo samahani ilikuwa imechelewa, na tena haikutoka kwa aliyedaiwa.

Akahamia mtaa wa Al Muraqqabat, palepale Dubai, kwenye chumba alichogawana na Dorah, Mkenya mlinzi wa duka la vitambaa. Wiki ya pili akaitwa kwenye usaili wa hoteli ndogo mtaa wa nyuma, kazi ya mapokezi. Meneja alifungua pasipoti ukurasa kwa ukurasa, akasita kwenye muhuri mmoja.

"Meksiko! Ulikwenda? Wengi wetu hapa tunaota tu. Piramidi zikoje?"

Joweria alihisi ule moto ukipanda tena, vilevile kama siku ile, haujapoa hata kidogo. Akaikunja mikono yake mapajani.

"Sijui, sir. Nilikuwa kazini."

Meneja akageuza ukurasa akamuuliza kama anaweza kuanza Jumapili.