Inspekta wa Koplo Manase

Jumapili, alasiri ikishapoa, Koplo Manase alitoa kiti chake barazani pale Nguvumali, akakaa na kitabu cha Kizungu mapajani, na wapangaji wa nyumba ya Bi Saleha wakamzunguka. Alisoma kimoyomoyo, kisha akasimulia kwa Kiswahili. Vilikuwa vitabu vya mauaji na upelelezi, alivyoachiwa na afisa mmoja aliyerudi Ulaya, na ndani yake mlikuwa na inspekta mzee, mwembamba, mwenye kikohozi kisichopona. Inspekta huyo hakukubali kiti wala chai nyumbani kwa mtu yeyote aliyehusika na kifo mpaka amjue muuaji. "Aliyelala chini hanywi," aliwaambia wenyeji, "nami sinywi."

Praxeda, mmoja wa wapangaji, alimpenda inspekta huyo kama mtu wa ukoo. Alikuwa mjane kutoka Songea, riziki yake kufulia watu nguo. Siku moja aliuliza kwa nini huko kwao hawamchemshii mzee yule tangawizi. Wenzake wakacheka. Yeye alikuwa ameuliza kweli.

Mwaka wa hamsini na nne, vuli ilipoanza kunyesha, ikaja habari kwamba mdogo wake, Tadeo, amefia kazini. Tadeo alikuwa akifanya kazi ya mashine ya kuparua mkonge, kwenye shamba moja njia ya Pangani. Walisema alilewa, akaanguka katika mfereji wa maji machafu, akafa maji. Praxeda alikwenda akamwosha kwa mikono yake mwenyewe. Kisogoni palikuwa pamebonyea, pamenyooka kama palipopigwa fimbo. Akajua kuwa maji hayabonyezi kichwa cha mtu.

Walipokwisha kuzika, alirudi Nguvumali akasimama mbele ya kiti cha Manase.

"Koplo, mdogo wangu ameuawa. Nipelelezee."

Manase hakuwa askari kanzu. Kazi yake ilikuwa kulinda lango la kituo na kusindikiza mahabusu mahakamani. Lakini Praxeda aliona uso wake umebadilika, kama wa mtu aliyeitwa kwa jina alilolitamani siku nyingi.

"Tutakwenda, dada," akasema.

Walikwenda kwa basi, Manase amevaa kiraia na penseli mpya mfukoni. Alitembea ukingoni mwa mfereji, akachuchumaa, akalitazama tope, akanyanyuka. Praxeda alimfuata nyuma, na kwa mara ya kwanza tangu msibani akahisi kifua kinapitisha pumzi.

Uwanjani, kwenye kamba za kuanikia nyuzi, walimkuta mnyapara, mzee wa Kidigo aitwaye Uweso.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Poleni."

Manase alianzia mbali, kama inspekta wake. Aliuliza habari za mvua, za zamu, nani alisimama wapi. Uweso alimsikiliza kwa adabu, halafu akamkatiza.

"Mwanangu, wazunguka nini? Kijana alipigwa na bwana mdogo, yule mpwa wa meneja. Mashine ilikwama, akamkuta Tadeo kakaa, akampiga kwa chuma. Kisha wakamtia mferejini."

"Nani aliona?"

"Zamu nzima. Hata askari waliokuja tuliwaeleza."

"Wakasemaje?"

"Wakasema alilewa."

Manase alibaki ameishika penseli. Vitabuni mtu alihangaika kitabu kizima akilitafuta jina. Hapa alikuwa amepewa jina kabla hajaonyeshwa pa kukaa.

Habari zilikwisha kumfikia meneja, akawaita. Manase alikaribishwa kiti verandani. Praxeda aliachwa chini ya ngazi, juani, na Uweso kando yake. Kijana mmoja wa Kizungu mwenye nywele nyekundu alipita nyuma ya meneja, taulo shingoni, akipiga mluzi. Uweso akamwonyesha kwa kidevu, bila neno.

Chai ikaletwa. Meneja alizungumza kwa upole, akamwuliza Manase jina la afisa wake. Praxeda alikitazama kikombe. Manase naye alikitazama, kwa muda mrefu. Kisha akanywa, akakimaliza.

Hata hivyo alikwenda kwa afisa wake akasema yote. Praxeda hakuwahi kulitilia shaka hilo. Siku hiyo Manase alirudi kabla ya adhuhuri, akakaa kitandani kwake, mlango wazi, bado na viatu.

"Nimeambiwa kesi imefungwa."

"Lakini jina wanalo."

"Wanalo."

"Na mashahidi."

"Wapo."

"Sasa kumebaki nini cha kupeleleza?"

"Hakuna, dada. Hapo ndipo pagumu. Hakuna cha kupeleleza."

Haukupita muda akahamishiwa Lindi. Jumapili ya mwisho wapangaji walimwomba amalizie kitabu alichokuwa amekifikisha katikati. Akakataa, Bi Saleha akamshikilia. Basi akakisimulia upesi upesi, macho sakafuni: muuaji alikuwa daktari tajiri, inspekta akamtia pingu mbele ya wageni wake. Watu wakapiga makofi. Praxeda aliinuka akaenda kuanua nguo, na zilikuwa bado mbichi.

Kwaresima ilimkuta yu peke yake na maneno. Kila siku, akisugua kola za watu, aliyapanga maneno atakayomwambia yule kijana siku atakapomwona, mara kwa Kingoni, mara kwa Kiswahili, akichagua yaliyo makali zaidi.

Akamwona asubuhi moja, Chumbageni, mlangoni pa duka la Hamed. Alikuwa anatoka na sigara zake. Alipomwona mama mwenye furushi kichwani alijitenga kando ampishe.

"Jambo, mama. Habari?"

"Nzuri, bwana," Praxeda akajibu.

Lilimtoka lenyewe, kama linavyomtoka kila siku kwa kila mtu. Alipogeuka, kijana alikwisha kupanda pikipiki yake, na vumbi lilikuwa linashuka barabarani. Akasimama pale, mdomo wazi, yale maneno yote bado yamo.

Hamed alimngoja, kisha akamwuliza taratibu, "Unataka nini, mama?"

"Sabuni," akasema.