Dau la Injini ya Miaka Sabini na Mitano

Irmhild Zeyher alikuwa hajamaliza mkate wake wa siagi pale fundi wake mkuu, Wunibald, alipomtupia mezani tangazo la kiwanda cha ng'ambo ya kijito.

"Soma, bosi, lakini kikombe usinirushie mimi."

Lilikuwa tangazo zuri, hilo Irmhild hakulibishia. Kiwanda cha Dürrwang, watengenezaji wa injini za treni ndogo za mezani, kilikuwa kinatimiza miaka sabini na mitano. Kwa heshima ya mwaka huo kingetoa upya injini yake ya kwanza kabisa: mwili mweusi, magurudumu mekundu, vyuma vya ubavuni vimepakwa dhahabu, ndani ya sanduku la mbao. Zingetengenezwa mia saba na hamsini tu, kila moja na namba yake. Wakusanyaji wa nchi nzima wangezigombania, na nusu yao wasingezitoa hata sandukuni. Chini kabisa paliandikwa kwamba injini hiyo iliundwa mwaka 1949 na Alban Dürrwang, peke yake, katika zizi la nyuma ya nyumba.

Irmhild akacheka. Wunibald alikijua kicheko kile, akarudi hatua moja nyuma.

"Peke yake! Na bibi yangu alikuwa wapi? Anakamua mbuzi?"

Bonde zima lilijua habari hiyo. Alban na mkewe Kreszentia walianza pamoja baada ya vita, mume akichonga vyuma zizini, mke akisuka nyaya za mota kwenye meza ya jikoni. Mwaka 1958 wakaachana, na hawakuachana kwa upole. Kreszentia akavuka kijito na binti yake, akafungua kiwanda cha mabehewa. Alban akabaki na injini na mtoto wa kiume. Ili kukomoana, kila mmoja akabuni ndoano yake ya kuungia, isiyoshikana na ya mwenzake hata kwa dawa. Tangu hapo mtoto aliyepewa injini ya babu na mabehewa ya bibi ilimbidi ayafunge kwa waya. Sasa walibaki wajukuu: Gebhard kwenye injini, Irmhild kwenye mabehewa. Walisalimiana mazikoni na siku ya kumchagua meya, basi.

Irmhild akavaa koti, akavuka daraja, akapanda moja kwa moja mpaka ofisini kwa Gebhard.

"Wageni wanapokelewa chini," Gebhard alisema bila kuinuka kitini.

"Mgeni nani? Kiwanda hiki kimeanza na mikono ya bibi yangu. Ni bibi yako pia, binamu, kama umesahau."

"Bibi alikuwa anapika."

"Anapika mota! Mota zote za mwanzo alisuka yeye. Na hiyo hapo," akaonyesha kwa kidole injini kuukuu iliyokaa peke yake ndani ya kabati la kioo, "mota yake aliifunga kwa uzi wa hariri alioufumua kwenye aproni yake ya harusi, kwa sababu uzi mwingine haukuwepo. Uzi wa buluu. Aliniambia mwenyewe."

"Aliwaambia watu mengi yule mama."

"Ifungue."

"Sijawahi kuiona imefunguliwa."

"Kwa hiyo unaogopa." Irmhild akavuta kiti, akakaa bila kukaribishwa. "Sikiliza. Uzi ukiwemo, unaandika jina la bibi sandukuni, na mabehewa yangu yanakwenda nyuma ya injini yako. Usipokuwemo, nakupa kalibu ya behewa lake la kwanza, lile umbo la chuma alilomiminia. Bure. Uweke mabehewa nyuma ya injini yako na jina lako peke yako."

Kwa miaka mingi Gebhard alikuwa akiitamani kalibu ile, na binamu yake alilijua hilo fika. Akatoa bisibisi.

Skrubu zilitoka kwa shida. Gamba likainuka, na wote wawili wakainama mpaka vichwa vikakaribia kugongana. Ndani mlikuwa na mota safi ya kiwandani, ya miaka ya themanini kwa kuangalia tu, imefungwa kwa plastiki ya kijivu. Uzi wowote haukuwemo.

"Imebadilishwa," Irmhild alisema.

"Huenda. Au bibi alikuwa na hadithi nzuri."

Irmhild angeweza kubisha, na maneno hayakuwahi kumpungukia. Lakini aliinuka, akamshika Gebhard mkono kwa nguvu, kama wafanyavyo watu sokoni baada ya kuuziana ng'ombe.

"Nimeshindwa. Kesho utaipata."

Wunibald aliposikia, alitupa kofia yake sakafuni.

"Umeichezea kamari kalibu ya bibi yako? Bosi, una homa?"

"Sina homa. Nimetoa neno."

"Mpe ile ya nakala! Yule hawezi kujua."

"Mimi najua, Wunibald. Lete mkokoteni."

Wakaivusha daraja wenyewe, chuma kizito kilichofunikwa kwa blanketi, na nusu ya mji ikiangalia dirishani. Mwoka mikate alitoka mlangoni akauliza kama wanahama. Irmhild akamjibu kwamba wanapeleka mahari. Kicheko kikasikika mpaka kanisani. Alikuwa ameinua kidevu njia nzima. Getini kwa Gebhard tu ndipo alipoiwekea kalibu kiganja, akakiacha hapo kidogo, kisha akageuka kurudi.

Gebhard alikuwa amekipata alichokitamani, lakini hakikumfaa kitu. Kalibu za zamani zina tabia zao kama farasi. Mafundi wake wakamimina, wakapata behewa lenye madirisha yaliyobanana kama macho ya mtu mwenye usingizi. Wakaongeza moto, paa likapinda. Wakapunguza, ukuta ukatoka na matundu. Mwisho Gebhard alivuka daraja mwenyewe, mara yake ya kwanza maishani, na behewa moja bovu mfukoni.

"Kalibu yako mbovu," akasema.

Irmhild akalipokea lile behewa, akaligeuza kwenye mwanga. "Kalibu nzima. Mmeipasha moto upande mmoja tu."

"Basi njoo utuonyeshe."

"Kalibu ilikuwemo kwenye dau, binamu. Mikono yangu haikuwemo."

Wunibald alijifanya anakohoa.

Gebhard hakukasirika. Alikaa juu ya kreti, akapangusa miwani yake kwa shati.

"Nimekuwa nikifikiri tangu siku ile ulipopita na mkokoteni," akasema. "Ungeweza kuniletea nakala. Mimi ningeleta nakala."

"Najua."

"Mtu anayelipa dau linalomuuma namna hiyo, hasemi uongo kuhusu uzi. Jina la bibi litaandikwa. Sifanyi biashara hapa, hata usipokuja kutuonyesha litaandikwa."

Irmhild akachukua aproni yake ukutani bila kubisha, jambo ambalo Wunibald alilisimulia baadaye kwenye baa kama muujiza.

"Twende, kabla mafundi wako hawajaichemsha tena."

Ugomvi uliobaki ulikuwa wa ndoano. Gebhard alitaka yake, Irmhild akasema afadhali waya. Wakagombana mpaka supu ya mchana ikapoa, ndipo Irmhild akaenda kuiangalia ile injini kuukuu kwa nyuma. Ilikuwa na kulabu ndogo ya shaba, nyepesi, ya siku zile mume na mke walipokuwa wakila meza moja. Wakaiiga hiyo.

Siku ya sherehe ukumbi wa mji ulijaa mpaka ngazini. Juu ya sanduku paliandikwa Alban na Kreszentia, kwa herufi za ukubwa mmoja. Gebhard alipotoa seti namba moja kwenye karatasi zake, mkusanyaji mmoja kutoka mji wa Kassel alilalama kwa sauti, "Usiifungue, bwana, itashuka thamani!"

"Ikae sandukuni ifanye nini?" Irmhild akamjibu, akasukuma kidhibiti. Injini ikaondoka, kulabu zikashika, mabehewa matatu ya kijani yakafuata kwenye kona bila hata moja kuyumba. Watu wakapiga makofi, wengine wakapiga miguu sakafuni. Yule wa Kassel alisogea mbele mpaka pua ikakaribia reli.

Kabla ya jua kuzama seti zote zilikuwa zimeshaagizwa, na simu zilikuwa bado zinalia. Gebhard alimvuta binamu yake pembeni, macho yanang'aa.

"Tuongeze mia tano. Nani atajua?"

"Sandukuni tumeandika mia saba na hamsini."

"Irmhild, wanalia kwenye simu!"

"Wabembeleze. Una sauti nzuri."

Gebhard alinung'unika, akajikuna kichwa, kisha akaenda kwenye simu. Irmhild alimsikia akimweleza mteja kwa upole kwamba zimekwisha, zimekwisha kweli, na kwamba neno ni neno. Akajimiminia bia, akampelekea na yeye moja.