Rangi Chini ya Kibati

Gitaa langu lilikuwa na tabia ya kuongea kabla sijaligusa. Ukiwasha spika tu, linaanza: mmmm, kama mtu aliyezibwa mdomo, na juu ya hiyo mmmm kuna zzzz nyembamba, kama nzi ndani ya chupa. Kiongozi wa bendi alivumilia wiki nzima. Asubuhi ile uvumilivu ukamwisha, akaninyooshea kidole mbele ya wenzangu.

"Kesho tunarekodi. Likija na nzi wake, sehemu yako atapiga Kidevu."

Kidevu! Mtu anayepiga gitaa kama anayekuna upele!

Nilibeba gitaa na spika moja kwa moja hadi gereji ya mjomba. Pale kuna vifaa, halafu gitaa lenyewe alinipa yeye. Mjomba hupiga rangi magari. Alilinunua limechubuka kama goti la mtoto, akalifungua lote, akalipaka rangi nyekundu ya gari, tabaka juu ya tabaka, mpaka ukijitazama unaona meno yako.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa. Umeleta mgonjwa, au umefuata chai yangu?"

Nikachomeka waya. Mmmm. Zzzz.

"Hiyo spika yako mbovu," akasema.

"Spika haina kosa. Gitaa la Kidevu nililichomeka kwenye spika hiihii, kwa waya huuhuu, likanyamaza kama bwana harusi."

"Basi ni kompresa yangu."

Akaizima. Wapi! Akazima taa ndefu ya darini, na papo hapo zzzz ikakatika.

"Nzi kafa!" mjomba akapiga kelele. Lakini mmmm ilibaki. Nikageuka nimtazame, nayo ikapungua. Nikarudi nilipokuwa, ikapanda. Mjomba akanishika mabega, akawa ananizungusha kama usukani.

"Geuka tena. Hapo! Rudi kidogo."

Kila nilipoelekea mashine ya kuchajia betri, mngurumo ulinona. Nilipoelekea mlangoni, ulikonda.

"Kumbe linasikia umeme unaopita hewani," nikasema. "Tatizo ni kwamba halina pa kuutupa."

Nikamweleza nilichokuwa nakijua. Ndani ya gitaa la umeme kuna waya wa ardhi, unaounganisha nyuzi na tundu la kuchomekea. Mpigaji akishika nyuzi, mngurumo lazima ushuke. Nikazishika zote kwa kiganja. Mmmm, kama vile sijagusa kitu. Nikapeleka kidole kwenye chuma cha waya pale unapoingia gitaani.

Kimya.

"Umefanya nini?" Mjomba akasogea. "Hebu toa. Weka. Toa. Hebu na mimi."

Tukawa tunapokezana kidole kama watoto waliogundua swichi.

"Nikishika chuma, linanyamaza. Nikishika nyuzi, halina habari," nikasema. "Kwa hiyo njia imekatika hapo katikati."

Mjomba akaleta mita anayopimia nyaya za magari. Ncha moja kwenye nyuzi, nyingine kwenye tundu. Mita, ambayo hulia njia ikiwa nzima, ikakaa bubu. Tukalegeza nyuzi, tukafungua kibati kinachozishikilia. Nilitegemea kukuta waya umekatika. Haukukatika. Ulikuwepo mzima, umelala pale pale unapotakiwa kugusana na kibati. Ila ncha yake ilikuwa nyekundu. Nikageuza kibati. Chini yake nako kulikuwa kwekundu, kunang'aa, na rangi haipitishi umeme.

"Mjomba, ulipaka hadi huku?"

"Nilipaka. Kisipate kutu." Akakunja uso. "Fundi anayepaka panapoonekana tu ni mwizi."

Hiyo ndiyo dini yake. Amewahi kumfukuza mtu kazi kwa kuacha sehemu ya chini ya buti la gari bila rangi. Ulimi ukaniwasha: wiki nzima nimeaibishwa kwa ajili ya rangi isiyoonwa na mtu! Lakini jinsi alivyokuwa akikitazama kile kibati, ungedhani ameambiwa amchinje jogoo wake.

"Kikulacho ki nguoni mwako," nikasema taratibu.

"Usinitupie methali gerejini kwangu. Lete msasa."

"Nitakwangua mimi, wewe—"

"Toka hapo. Rangi yangu naikwangua mwenyewe."

Kabla ya kukwangua, akabandika utepe wa karatasi wenye gundi pembeni, kama kuna mkaguzi atakayekuja kufungua. Akasugua kipande cha ukubwa wa ukucha chini ya kibati, kisha ncha ya waya, mpaka shaba ikacheka. Tukafunga, tukapima. Mita ikalia piiii.

Nikakaza nyuzi, nikawasha spika, nikazishika. Kisha nikampigia kiongozi asikilize gitaa, simu nikaiweka mbele ya spika.

"Haloo? Mbona kimya? Washa spika basi."

"Imewaka."

"Acha utani, wewe."

"Imewaka, bwana mkubwa!" mjomba akainamia simu. "Njoo uione taa yake!"

Nikapiga sehemu yangu yote, ile aliyotaka kumpa Kidevu, kisha nikatuliza nyuzi kwa kiganja. Upande wa pili mtu alikohoa.

"Kesho usichelewe. Kidevu nitamwambia mimi."

Nilipoachia nyuzi ili nikate simu, mmmm ikarudi, ndogo, ya mbali. Mjomba akatega sikio.

"Na hiyo?"

"Hiyo inaisha ukishika nyuzi."

"Yaani inakusubiri wewe?"

"Mtu yeyote."

Akajifuta vidole kwenye ovaroli, akazishika. Kimya. Akaachia. Mmmm. Akashika tena, kisha akavuta kigoda kwa mguu.

"Hebu kaa," akasema. "Nieleze vizuri. Mwili wangu unafanya nini hapa?"